Bennu si jabali moja

Wengi hudhani asteroidi ni jabali moja gumu linaloelea angani. Bennu, yenye upana wa mita 490 hivi na inayolizunguka Jua kwa siku 436 hivi, haiko hivyo kabisa. Tarehe 20 Oktoba 2020 chombo cha Marekani, OSIRIS-REx, kiliinyooshea mkono kuchota udongo wake. Mkono haukugonga mwamba; ulizama kama mguu kwenye kifusi, mawe na vumbi vikaruka pande zote. Hadi leo picha zile hunistaajabisha: chombo kisingewasha injini kuondoka, kingeendelea kuzama. Kumbe Bennu ni rundo la mawe yaliyoshikiliwa na mvutano hafifu mno, na ndani mna mianya tele. Ndiyo maana, kwa ujazo uleule, inayazidi maji uzito kidogo tu.