Kupima hatari ya kutoka damu kabla ya kukatwa kinyama

Mtu wa Tanga akiambiwa atakatwa kinyama, hofu yake ya kwanza huwa saratani. Daktari mwenye sindano ana hofu nyingine: damu itakata?

Kukatwa kinyama ni kutoa kipande kidogo cha kiungo kikaangaliwe kwa darubini. Kikitoka kwenye ngozi, damu unaiona na kuikandamiza kwa pamba. Kwenye ini au figo hakuna kidole kinachofika, ndiyo maana damu hupimwa mapema.

Kipimo cha kwanza ni FBP, yaani picha nzima ya damu. Huhesabu chembe sahani, zile zinazokimbilia penye jeraha na kuliziba. Mtu mzima mwenye afya anazo 150,000 hadi 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Kwa kinyama cha ini, madaktari wengi hutaka zisipungue 50,000. Huku kwetu pwani kuna la ziada: malaria hushusha chembe hizi. Aliyeugua juzi Muheza anaweza kuonekana ana kasoro ya damu, kumbe akishapona zinapanda zenyewe.

Kipimo cha pili ni INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda ikilinganishwa na ya kawaida. Kwa asiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda, jibu huwa karibu na 1. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha buluu chenye sitreti, dawa inayoizuia isigande humo, sehemu 1 ya dawa kwa 9 za damu. Kisipojaa hadi alamani, dawa inazidi na jibu linapanda kwa uongo. Kwa hiyo muuguzi akikuchoma tena kwa sababu kichupa hakikujaa, msamehe bure.

Tatizo ni kuiamini mno karatasi ya maabara. INR ilibuniwa kufuatilia wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwenye ini lililosinyaa anaweza kuwa na INR kubwa na asivuje sana, maana ini bovu hupunguza pia vile vinavyozuia damu kuganda. Naye babu anayemeza aspirini kila asubuhi anaweza kupata chembe 300,000 na INR ya 1, majibu safi kabisa, huku chembe zenyewe zimelegea. Chembe iliyoguswa na aspirini haipati nguvu tena hadi ife, siku 7 hadi 10.

Mimi naona maswali yana uzito kuliko namba. “Mama, ulipong'olewa jino, damu ilichukua muda gani kukata?” Mwanamume huulizwa habari za jando, mwanamke hedhi na uzazi, wote huulizwa kama kuna ndugu anayevuja damu ovyo. Jibu la “nilivuja hadi kesho yake” linatosha kumfanya daktari aahirishe na kuagiza vipimo zaidi.

Wafarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, lakini kwa amri ya daktari tu; ukiiacha kienyeji, damu inaweza kuganda mguuni au kwenye ubongo. Siku ya miadi beba dawa zote unazotumia, pamoja na za maumivu ulizonunua dukani na za mitishamba, hata kama unaona haya kuzitoa mbele ya daktari.