Redio ya kidijitali si lazima iwe ya intaneti

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba redio ikitaka kuingia zama za kidijitali, sharti iache minara na kuhamia intaneti. Si kweli.

Norwei ilipozima FM ya vituo vya kitaifa mwaka 2017, vituo hivyo vilihamia DAB, mfumo wa kidijitali unaorushwa hewani kwa minara. Msikilizaji hahitaji bando, ingawa alilazimika kupata redio mpya, na huo ni mzigo usiopaswa kupuuzwa.

Tofauti kubwa iko kwenye jinsi sauti inavyosafiri. Mnara hurusha mawimbi mara moja kwa wote. Wakisikiliza watu kumi au laki moja, gharama ya kurusha haibadiliki. Kwenye intaneti kila msikilizaji hupelekewa mkondo wake. Sauti ikitumwa kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja ya kusikiliza hula takriban megabaiti 29 za bando lake, na kituo nacho hulipia zaidi seva, yaani kompyuta zinazotuma sauti hiyo, kadiri wasikilizaji wanavyoongezeka. Mafuriko yakikata umeme na mitandao ya simu ikazidiwa, redio ndogo ya betri bado hupokea tangazo, mradi mtambo wa kurushia una jenereta.

Intaneti ina kazi yake, tena kubwa: kumfikia aliye mbali na mnara, na kuhifadhi vipindi kama podikasti kwa aliyekosa saa ya matangazo. Kwa maoni yangu, kituo kinachozima mnara wake mapema kwa kufuata mkumbo huwatupa wasikilizaji wasiomudu bando.