Kabla hujang'oa kiyoyozi kwenye Altezza yako

Hakuna swali ninaloulizwa hapa gereji kwangu Njiro kama hili: "Fundi, nikitoa AC na siti za nyuma, gari itapungua kilo ngapi?" Mwezi uliopita aliyeuliza ni kijana wa Moshi mwenye Toyota Altezza RS200, ile ya gia sita. Siku tano anakwenda nayo kazini. Jumapili anampeleka mama yake kanisani Marangu. Mara tatu au nne kwa mwaka anavuka Namanga kwenda kushindana na saa kwa majirani zetu, yaani kuzunguka uwanja akitafuta muda mfupi zaidi. Gari moja, kazi tatu. Wateja wangu wengi ndio hao. Mwenye gari la pili la kwenda kuchezea uwanjani simwoni mara nyingi.

Alikuwa ameshakata shauri. Kiyoyozi kitoke, siti ya nyuma itoke, mazulia yatoke na ule uji mzito wa lami uliopakwa sakafuni kuzuia kelele ukwanguliwe. Nikamwambia, mangi, kabla sijashika spana hebu tupande tukazunguke kidogo.

Hatukufika mbali. Tuta la kwanza, chupa ya maji iliruka kutoka kwenye kishikio ikanitua miguuni. Tuta la pili nikasikia mgoto mkavu kutoka nyuma, kama mtu amepiga bodi kwa nyundo ya mpira. Yeye wala hakushtuka, ameshauzoea. "Ndiyo stansi ya mashindano hiyo, fundi," akasema, yaani gari kukaa chini na kukazwa. Nikanyamaza kwanza.

Tuanze na kilo, maana hapo ndipo watu wanapodanganyana. Kiyoyozi cha gari la ukubwa ule, yaani kompresa, kondensa, mabomba na kile kibaridi cha ndani ya dashibodi, ni kilo 20 hivi, tuseme 25 tusibishane. Altezza ina kilo kama 1,350, na Wajapani waliiandikia nguvu za farasi 210. Ukitoa kilo 25 hujafikisha hata asilimia 2 ya uzito. Lita 50 za petroli zina kilo 37: nenda uwanjani na tangi lililopungua, umeshapata zaidi ya ulichokuwa unakitafuta, na Jumapili mama atapoa.

Sasa kuna kitu ambacho kwenye magrupu ya magari hakitajwi kabisa. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapumua hiyo hiyo iliyopo, kwa hiyo inapoteza kama asilimia 13 ya nguvu zake. Kati ya farasi 210, farasi 27 wameshaliwa na mwinuko kabla hujawasha chochote. Ndiyo maana watu wakishuka Moshi, ambako mwinuko haufiki mita 1,000, wananipigia simu kwamba gari limechangamka, wanasifia petroli ya sheli fulani. Si petroli, ni hewa. Ukilinganisha, kompresa ya kiyoyozi inakula farasi watatu, watano ikizidi, na magari mengi ya umri ule kompyuta yake huizima yenyewe ukikanyaga mafuta mpaka chini. Siku ya mashindano unabonyeza swichi, yameisha.

Sisemi uzito hauna maana. Mwaka 1973 Porsche waliuza 911 Carrera RS 2.7 ya aina mbili zenye injini ile ile ya farasi 210: ya starehe ilikuwa na kilo 1,075, ya michezo 960 hivi. Kilo zaidi ya 100! Walitoa siti ya nyuma, wakaweka vioo vyembamba, na mlango unaufungua kwa kuvuta kamba ya ngozi. Honda nao kwenye NSX-R ya 1992 walikwangua kama kilo 120. Subaru za Type RA za mwanzo zilitoka kiwandani bila kiyoyozi, vioo vya kuzungusha kwa mkono. Lakini kiwanda kinapunguza kila mahali: bati, kioo, siti, rimu, mpaka waya. Sisi wa gereji tunatoa kitu kimoja kinachoonekana halafu tunapiga picha. Huyu kijana anayetaka kung'oa kiyoyozi, nilipofungua buti nikakuta sanduku la spika ya besi. Nililiweka kwenye mzani wa mahindi wa jirani: kilo 24. Nikamwuliza hili nalo linatoka? Akacheka, akabadili mada.

Nikamnyanyulia gari jeki nimwonyeshe tatizo lenyewe.

Shokapu zake ni zile za kupandisha na kushusha. Alizinunua mtandaoni na springi za kilo 10 mbele na 8 nyuma. Maana yake ni kwamba kila milimita moja ya kubonyea inadai mzigo wa kilo 10. Alilishusha gari mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na bodi. Nikachukua kamba ya plastiki, zile za kubania waya, nikaifunga kwenye chuma chembamba cha shokapu na kuisogeza mpaka ikakaa juu ya silinda. Shokapu ikibonyea, silinda inaisukuma kamba; ikirudi, kamba inabaki pale ilipofikishwa. Ni kipimo cha shilingi mia, na kinasema kweli kuliko dereva. Tukaenda nayo hadi Usa River na kurudi, kwa mwendo wa kistaarabu, matuta ya Tengeru yakiwemo.

Tuliporudi kamba zote nne zilikuwa zimebanwa kwenye mpira wa juu, ule wa kugotea. Nikapima nafasi iliyokuwepo gari likiwa limesimama: milimita 22. Kidole gumba changu ni kipana zaidi.

Hapo ndipo palipo na kiini cha habari hii. Shokapu ikishafika kwenye ule mpira, springi haina kazi tena. Gari linakuwa limekaa juu ya gogo. Tuta, shimo au ukingo wa uwanja unarusha gari zima, na tairi inaachana na lami. Tairi iliyoko hewani haishiki breki, haikati kona, haisukumi. Kwa hiyo ule ugumu unaomvunja mama mgongo ndio huo huo unaompotezea kijana sekunde. Alikuwa anadhani ananunua kasi kwa kulipa starehe, kumbe amelipa na kasi hajapewa.

Kila gari lina mdundo wake. Libonyeze pembeni uachie: la kawaida hupanda na kushuka mara moja na kidogo kwa sekunde. La michezo la barabarani linakaribia mara mbili. Linaloishi uwanjani tu, kwenye lami iliyonyooka kama meza, linaweza kufika mara tatu. Na mwili wa binadamu una ugomvi mkubwa na mtikisiko wa juu na chini wa mara nne hadi nane kwa sekunde. Hapo tumbo, kifua na uti wa mgongo vinaanza kucheza ngoma pamoja. Kadiri unavyokaza springi, tairi na bushi (vile vipira vya kwenye maungio) kwa mpigo, ndivyo unavyoisogelea ngoma hiyo. Mtu akikwambia "nachoka tu nikiendesha lile gari, sijui kwa nini", mwulize springi zake ni kilo ngapi.

Wazee wa Arusha wanaokumbuka Safari Rally ilipokuwa ikipita huku kwetu wanalijua hili bila hesabu. Mashindano yale yalianza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 dereva Mkenya Joginder Singh aliyashinda kwa Volvo PV544 ambayo hata haikuwa mpya. Gari la namna ile halikuwa gumu. Lilikuwa na mguu mrefu, likibonyea linabonyea kwelikweli na kurudi taratibu. Hata Ujerumani, kwenye uwanja wa Nordschleife wenye kilomita 20.8 na mabonde yake, gari lililokazwa kama ubao linapoteza njia.

Basi nikafanya hivi. Springi za kilo 6 mbele na 5 nyuma. Gari nikalipandisha milimita 35, ambazo ukilitazama kwa mbali huwezi kuziona, ingawa yeye aliomboleza kama amefiwa. Kisha vile vitufe vya juu ya shokapu. Alikuwa amevikaza mpaka mwisho, kama wengi wanavyofanya. Kwenye shokapu zake kitufe kinadhibiti zaidi namna springi inavyofunguka baada ya kubonyea. Ukikaza kupita kiasi, springi haiwahi kufunguka kabla ya kishindo kinachofuata. Pita kwenye rasta utaelewa: mstari wa kwanza gari linashuka kidogo, wa pili linashuka tena, wa tano limeshakaa kwenye mpira. Dereva anasema shokapu ni ngumu, anaagiza nyingine, kumbe alihitaji kulegeza kitufe. Nililegeza kidogo kidogo, nikipita kwenye rasta zile zile kila mara, mpaka gari likaacha kuzama.

Tairi. Alikuwa na rimu za inchi 18 zenye tairi 225/35. Ukuta wa tairi hiyo ni milimita 79. Tukarudi kwenye 17 na 215/45 ya kiwandani, ukuta wa milimita 97. Ni springi ya bure hiyo, na rimu zile za 18 zilikuwa nzito ajabu. Ukitaka kupunguza uzito anza na vinavyozunguka. Kilo moja ya rimu ina madhara kuliko kilo moja ya siti, maana inabidi uizungushe, uisimamishe, na shokapu ihangaike nayo kwenye kila shimo.

Breki hazina ugomvi na starehe, ndiyo maana nashangaa watu wanaziacha mwisho. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230; yakishanywa unyevu wa hewani kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. Kubadilisha kila mwaka hakumsumbui abiria yeyote. Padi za mashindano ndizo za kuogopa. Nilishawahi kuzifunga kwenye Subaru yangu mwenyewe na kujiona mjanja. Alfajiri moja ya Julai natoka Arusha kwenda Moshi, tangu Boma Ng'ombe sijagusa breki, nikaanza kuteremka Kikavu nyuma ya fuso. Nikakanyaga. Gari likaendelea kama halijasikia. Padi zile zinataka joto kwanza ndiyo zishike, na zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Zilishika baadaye, nikiwa karibu kusoma namba ya chasisi ya lile fuso. Sasa hivi mwenye kwenda uwanjani namfungia padi za kati barabarani, za mashindano anabeba kwenye begi, anabadilisha akifika. Ni kazi ya saa moja.

Siti za baketi, zile za mashindano zinazokubana ubavuni, sina shida nazo kama mgongo wako unakubali. Mikanda ya pointi nne bila keji ya mabomba ndani, hiyo sifungi, hata ukinilipa mara mbili. Gari likibiringika paa linashuka, na mkanda wa kawaida unakuacha uiname pembeni. Ule wa pointi nne unakushikilia wima ukutane na bati.

Na kwa wenye pesa: ziko shokapu zenye mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma, umeme ukipita yanakuwa mazito papo hapo. Cadillac waliziweka kwenye Seville STS ya 2002, baadaye Ferrari na Audi wakazitumia. Hizo ndizo zinazokupa gari mbili kwa swichi moja. Ila ukiagiza gari la mtumba lenye shokapu za namna hiyo, tenga bei ya shokapu nne mpya kabla ya kusaini. Zikifa, taa inawaka kwenye dashi na hakuna fundi wa Unga Limited atakayekuchomelea.

Kijana alirudi Jumatatu iliyopita. Tukafunga tena zile kamba: matuta yale yale, zimeishia milimita 14 kabla ya mpira. Mama yake alikuja naye, akakaa kwenye benchi langu akinywa soda. Nikamwuliza safari ya Marangu ilikuwaje. "Baba, mara hii nililala," akasema, "ila kule nyuma kuna kitu kinagonga ko-ko-ko tukipita kwenye vumbi." Anasikia vizuri kuliko mwanawe. Ni zile bushi ngumu za plastiki alizobandika kwenye fremu ya nyuma mwaka jana, zimeshalegea na kula chuma. Jumamosi nazitoa, narudisha za mpira. Kijana ameniomba nikiwa chini huko nimwangalizie na gesi ya kiyoyozi, haipoozi vizuri. Spika ya besi bado iko kwenye buti.