Si kila vifutu waliosokotana wanapandana

Watu hunitumia picha za nyoka wawili aina ya kifutu waliosokotana, vichwa vimeinuliwa, wakiniambia wamewakuta wakipandana. Nyingi ni za madume wanaopigana mieleka. Kila mmoja anataka kukaa juu na kumkandamiza mwenzake chini. Hawagongani, anayelemewa hujiondokea. Kupandana kwenyewe ni kwa utulivu, nyoka wote wamelala chini.

Mimi hufuga vifutu na kuwapandisha, na kwanza lazima ujue yupi dume, yupi jike. Kwa hiyo nianzie mkiani. Mkia wa dume ni mrefu, mnene pale unapoanzia, maana viungo vyake viwili vya uzazi vimehifadhiwa humo. Wa jike ni mfupi na huchongoka ghafla.

Mimi humpeleka dume kwa jike siku chache baada ya jike kujivua gamba, harufu yake ikiwa bado kali, na wote wawili wameshakula na kusaga chakula. Kisha natazama ulimi wa dume. Akiipata ile harufu, ulimi hutoka na kuingia harakaharaka, ukiipeleka kwenye kiungo cha kunusia kilicho katika kaakaa. Humfuata jike mgongoni, akimsugua kwa kidevu na kushtukashtuka mwili, huku mkia wake ukitafuta njia chini ya mkia wa jike. Dume anayezunguka kwenye kuta za kizimba akitafuta upenyo hana haja na jike, mtoe tu.

Lakini mwenye uamuzi ni jike, na hapa ndipo wanaoanza hupitwa, kwa kuwa macho yao yote yako kwa dume. Jike asiyetaka hupigapiga mkia, husogea kila akiguswa, hujaza upepo na kuupuliza kwa nguvu. Siku hiyo imekwisha, sishurutishi. Aliyekubali hutulia, hujinyoosha, huinua mkia. Utulivu peke yake usikudanganye: jike mwenye hofu naye hutulia, ila shingo ameikunja, tayari kugonga.

Wakishashikana, usiwatenganishe hata ikichukua saa nyingi. Kiungo cha dume kina vijimiba vinavyomshikilia ndani ya jike, na ukiwavuta utawajeruhi wote. Mkono hauingii kizimbani wakati wowote, ni kulabu ya kushikia nyoka tu. Sumu ya kifutu huozesha nyama.

Andika tarehe ya kila mpando, kwani jike anaweza kuhifadhi mbegu mwilini na hesabu ikakupotea. Na andaa vijisanduku vya kutosha: kifutu huzaa watoto hai, kwa kawaida 20 hadi 40, na jike mmoja wa kutoka Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Cheki alizaa 156 kwa mkupuo mmoja.