Elimu kwa Umma: Namna ya Kusoma Rekodi ya Machapisho ya Mtafiti

Ofisi yetu ya utafiti hapa Mwanza imekuwa ikipokea maswali na malalamiko mengi kuliko ilivyozoeleka. Wapo wanafunzi walioandikiwa na majarida yanayoahidi kuchapisha andiko ndani ya siku chache, ilimradi ada ilipwe. Wapo pia wananchi wanaotuletea picha ya ukurasa wa mtafiti wa biolojia ya molekuli, umejaa takwimu, wakitaka tuwathibitishie kwamba dawa inayouzwa kwa jina lake ni salama. Hatuwezi. Usajili wa dawa ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na wa dawa za asili ni wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wingi wa machapisho hausajili dawa.

Kinachoulizwa zaidi ni kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa, yaani imetajwa kama rejea katika makala nyingine, walau mara 20. Kipimo hicho hakionyeshi nani alifanya nini. Katika biolojia ya molekuli, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, na la mwisho ni la kiongozi wa maabara. Aliyetajwa wa tisa kati ya watu kumi na watano huhesabiwa sawa nao.

Tunaomba ieleweke pia kwamba kunukuliwa si kukubaliwa. Mfano uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza: kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mwaka 1999 utafiti wa Rakai, Uganda, uliotumia mbinu tofauti ya kutibu jamii nzima kwa pamoja, haukuona upungufu huo. Wanasayansi walijadiliana kwa miaka, na kila upande ulinukuu kazi zote mbili. Ukihesabu nukuu tu, mjadala huo wote hauuoni.

Tena, makala ya mwaka 1951 ya Lowry na wenzake kuhusu kupima protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Ile ya Watson na Crick ya mwaka 1953, iliyoeleza umbo la DNA, haikaribii hapo. Mbinu inayotumika kila siku maabara hunukuliwa kila siku. Anayetuambia kwamba mwenye nukuu nyingi ndiye mwanasayansi bora, na bado tunaambiwa hivyo kila wiki, asome kwanza makala zenyewe.

Kwa tafiti zilizotumia damu, mkojo au kinyesi cha wakazi wa kando ya ziwa, kama zile za kichocho, tafuta ndani ya makala aya inayotaja kibali cha maadili. Kwa utafiti wa afya nchini, kibali cha kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mtafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Aya hiyo isipoonekana, uliza.

Mwenye shaka na makala humwandikia mhariri wa jarida, akitaja jedwali au picha anayoitilia shaka na sababu zake. Mhariri humtaka mwandishi ajieleze, na ikibidi huiandikia taasisi yake ifanye uchunguzi. Baada ya hapo jarida linaweza kuchapisha sahihisho, tangazo la tahadhari, au kuiondoa makala rasmi. Inayoondolewa kwa kawaida haifutwi mtandaoni. Hubaki na alama ya kuondolewa, na wasiojali kuangalia huendelea kuinukuu. Mwandishi aliyeghushi data anaweza kuadhibiwa na mwajiri wake, hata kupoteza cheo au kazi.

Ukija ofisini, tuletee kichwa cha makala, jina la jarida na mwaka. Picha ya ukurasa wa takwimu peke yake haitusaidii kukuhudumia.