Pesa za programu kwenye jukwaa changa la simu: yasemwayo na yalivyo

"Anayewahi ndiye anayevuna."

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu. Duka la programu za iPhone lilipofunguliwa Julai 2008 lilikuwa na programu zipatazo 500 tu. Aliyetafuta mchezo alikuwa na orodha fupi ya kupitia, hivyo baadhi ya waliotangulia walivuna kweli. Lakini walioingia mapema kwenye majukwaa, yaani mifumo ya simu na maduka yake ya programu, kama Windows Phone, BlackBerry 10 na Firefox OS nao waliwahi, na yote hayo yamekufa. Uchache wa washindani haukusaidii kama wanunuzi nao ni wachache. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, ulizia simu ngapi ziko mikononi mwa watu.

"Kampuni yenye jukwaa inawalipa watengenezaji wa programu, kwa hiyo jukwaa liko imara."

Mara nyingi ni kinyume chake. Mwaka 2013 Microsoft iliwapa watengenezaji wa Marekani dola 100 kwa kila programu mpya ya Windows, kwa kikomo cha dola 2,000. BlackBerry iliahidi makubwa zaidi: programu ikipita ukaguzi wake na kuingiza angalau dola 1,000 kwa mwaka, kampuni ingejaziliza hadi zifike 10,000. Duka lililofurika wateja halimbembelezi muuzaji hivyo. Pesa yenyewe ichukue, si haramu, ila ihesabu kama ujira wa kibarua kimoja.

"Ikiwa nzuri, watu watalipia."

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu jukwaa changa huwa na simu tayari kabla ya kuwa na njia nzuri za malipo. Miaka ya mwanzo ya Android, programu za kulipia ziliweza kununuliwa katika nchi chache tu. Tena mnunuzi alikuwa na saa 24 za kurudisha alichonunua. Hebu fikiria mchezo wa mafumbo: mtu anaununua asubuhi, jioni ameumaliza, anaurudisha na pesa yake anarejeshewa yote. Desemba 2010 Google ilikata muda huo hadi dakika 15.

Rovio, kampuni iliyotengeneza mchezo wa Angry Birds, waliyasoma mazingira hayo vizuri. Angry Birds iliyouzwa dola 0.99 kwenye iPhone waliileta Android Oktoba 2010 bure, ikiwa na matangazo. Usiige kijuujuu, lakini: matangazo yanataka watumiaji wengi na watangazaji walio tayari. Kwenye jukwaa ambalo watangazaji bado hawajalijali, nafasi ya tangazo hubaki tupu, na nafasi tupu hailipi.

"Makato ya duka ni asilimia 30, basi."

Piga hesabu. Programu ya dola 0.99 hukuachia takriban senti 69. Ada ya Apple kwa mtengenezaji ni dola 99 kila mwaka, kwa hiyo mauzo 143 ya kwanza yanarudisha ada tu. Tangu 2021 watengenezaji wadogo wanaweza kukatwa asilimia 15, nafuu ya kweli hiyo, lakini kodi haijaguswa. Wala hujahesabu usiku unaokesha ukirekebisha programu ileile kwa sababu mfumo umetoa toleo jipya, na mifumo michanga hutoa matoleo mfululizo.