Mchuzi kwa mtoto, mnofu kwa wakubwa

Nyumbani kwetu Ujiji, mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, akiiva, bakuli la kwanza ni la mtoto: mchuzi tupu, na ugali wa muhogo umelowekwa humo. Minofu wanagawana wakubwa. “Nguvu yote imeshatokea kwenye supu,” husema mama mkwe.

Haijatokea. Protini na madini ya chuma kwa sehemu kubwa hubaki kwenye nyama. Mchuzi unabeba ladha, chumvi na mafuta kidogo. Mtoto anashiba maji.

Akitimiza miezi 6 anaweza kula mnofu wenyewe, ulioiva sawasawa, ukapondwa. Wanaosema asubiri meno wamesahau kwamba fizi zinatosha kwa chakula kilichopondwa. Wala kumchelewesha samaki hakumkingi na mzio. Anza na kijiko kimoja mchana, umwangalie. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.

Sasa miiba. Mwiba ukikwama kooni, kila aliyekaa mkekani anafinyanga tonge: “Meza bila kutafuna!” Nami nimewahi kumfanyia hivyo mwanangu akiwa na miaka 2, na usiku ule tuliumalizia hospitalini. Tonge linaweza kuuzamisha mwiba zaidi kwenye nyama ya koo, na kwa mtoto mdogo lenyewe linaweza kumkaba. Kumtumbukizia kidole ni vilevile. Mpeleke kituo cha afya, mwenye kifaa na mwanga auchomoe akiwa anauona. Jikoni, mimi siamini macho. Kila kipande nakiminya kwa vidole, polepole, kabla sijakiponda, kisha nakiminya tena.

Dagaa hawana kesi hiyo, na bado wanaitwa chakula cha wakati wa shida. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3 kuanzia Mei, sisi tulivuka kwa dagaa wakavu. Kijiko cha dagaa wakavu kina protini zaidi kuliko kijiko cha wabichi, maana maji yameondoka, na kwa kuwa analiwa mzima na mifupa yake, mtoto anapata kalisi. Shida ni mchanga, hasa wakianikwa chini ufukweni badala ya kwenye kichanja. Wachambue, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, waanike tena, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, kisha twanga na uchekeche. Kijiko kidogo cha unga huo kiingie kwenye uji ukiwa bado unachemka, siyo kunyunyiziwa juu kwenye kikombe.

Chumvi? Mtoto wa chini ya mwaka haihitaji. Mpakulie kabla hujatia chumvi na pilipili za watu wazima.

Kuna na hili la mawese. Watu wanayachoma mpaka moshi unajaa jikoni na wekundu unapotea, eti ndiyo kuyasafisha. Ule wekundu ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A! Mimi hutia kijiko kimoja mwishoni, sufuria ikiwa inakaribia kuepuliwa, na harufu yake hainisumbui. Mgeni kutoka Dar ikimkera, avumilie.

Mama mkwe hajakubali kwamba supu haina nguvu. Ila siku hizi humchambulia mjukuu wake mnofu kwanza, miiba akaitoa yeye mwenyewe, halafu anammiminia supu yake juu.